Maandishi ya Kigiriki, Kiti cha Mfalme wa Aksum

Kila zinapotajwa marumaru zenye maandishi ya Kigiriki zilizoonekana Afrika Mashariki, hurudiwa madai yaleyale, na mwisho wake Mwafrika hunyang'anywa historia yake. Nayajibu kwa ushahidi wa Adulis, bandari ya kale ya ufalme wa Aksum katika pwani ya Eritrea.

Dai la kwanza: Palipo na Kigiriki, Mgiriki alitawala.
Si kweli. Kigiriki kilikuwa lugha ya biashara ya Bahari ya Shamu, na wafalme wa Aksum walikitumia kwa faida yao. Sarafu zao za dhahabu zilipigwa chapa kwa Kigiriki. Katika karne ya 4, Mfalme Ezana alichongesha habari za vita vyake kwa Kigiriki na kwa Ge'ez, mgeni asome na mwenyeji asome. Ni kama Tanzania leo: mikataba ya madini huandikwa kwa Kiingereza, lakini dhahabu ya Nyamongo iko Tarime.

Dai la pili: Jiwe likishasomwa, limesema yote.
Kati ya mwaka 518 na 527, Cosmas, mfanyabiashara wa Alexandria, alifika Adulis. Mfalme Kaleb wa Aksum alitaka nakala ya maandishi yaliyokuwapo, na liwali wa mji akampa Cosmas na mwenzake Menas kazi hiyo. Walikuta kiti cha enzi cha marumaru nyeupe, na nyuma yake bamba la jiwe jeusi lililovunjika upande wa chini. Cosmas akayachukua maandishi yote kuwa ya Ptolemaio wa Tatu, mfalme wa Misri mwenye asili ya Kimakedonia.

Wataalamu wameitenganisha nakala hiyo. Bamba ndilo la Ptolemaio, la karne ya 3 kabla ya Kristo, na linataja tembo wa vita. Kiti ni cha mfalme wa Aksum, anayesimulia katika mwaka wa 27 wa utawala wake jinsi alivyoshinda ng'ambo zote mbili za bahari. Mwanzo wa maandishi umepotea, na jina lake limepotea nao. Kwa usomaji huo mmoja wa Cosmas, ushindi wa Mwafrika ulihesabiwa kuwa wa mtu mwingine kwa karne nyingi.

Dai la tatu: Kipande kilichovunjika hakina maana.
Kina maana kikibaki kilipolala. Mwitaliano Paribeni alipochimba Adulis mwaka 1906, alikuta vipande vya marumaru ndani ya magofu ya makanisa. Kwa kuwa mahali pake panajulikana, vinathibitisha biashara kati ya Adulis na Bizanti. Vingeokotwa na kuuzwa, visingethibitisha lolote.

Dai la nne: Asiyechonga maandishi hana historia.
Mtu wa Nyakunguru, kijiji cha Tarime, asilikubali hili hata kidogo. Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, Migori nchini Kenya, zipo kuta za Thimlich Ohinga, zilizopangwa kwa mawe bila udongo wala saruji, na baadhi zinapita kimo cha mita 4. Hazina hata herufi moja, lakini mwaka 2018 UNESCO iliziandika kuwa Urithi wa Dunia. Mpangilio wa mawe, malango na mazizi vyasomeka.

Kwa hiyo anayechimba dhahabu au msingi wa nyumba akifukua kigae au jiwe lililochongwa, akiache palepale na kuwaita viongozi wa kijiji. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, lakini mlinzi wa kwanza ni mwenye jembe.