Ufadhili wa vyuo Tabora usiwe wa gizani

ZAMANI misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora ilitoa hongo kwa watemi ili iruhusiwe kupita katika nchi zao. Hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa njia. Ililipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya, mchana kweupe, na kila mpagazi aliiona. Leo neno hilo hilo lina maana ya rushwa, yaani malipo ya siri ambayo wasiohusishwa hawajui yamenunua nini.

Ni vyema wakuu wa vyuo mkoani Tabora wakalikumbuka hilo kila kampuni inapobisha hodi na msaada.

Tabora ni mkoa wa tumbaku, kuanzia Urambo na Kaliua hadi Sikonge na Uyui. Kampuni zinazonunua zao hilo zimekuwa zikichangia madarasa, visima na miche ya miti, na wananchi wamenufaika. Lakini chuo si kisima. Vyuo kama MATI Tumbi ndivyo vinavyowaandaa mabwana na mabibi shamba. Chuo cha Ufugaji Nyuki kinafundisha kazi inayotegemea msitu wa miombo, msitu ule ule unaokatwa kuni za kukaushia tumbaku kwenye mabani.

Je, bwana shamba aliyesomeshwa na mnunuzi atamjibu nini mkulima anayeuliza kama apunguze ekari za tumbaku na kuongeza alizeti au mizinga? Atasimama upande gani mkulima huyo akilalamikia daraja alilopewa siku ya soko? Si lazima aseme uongo. Akinyamaza tu, hasara ni ya mkulima.

Mambo haya yamewakuta hata wenye vyuo vikubwa. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, kilikubali pauni milioni 3.8 kutoka kampuni ya British American Tobacco ili kuanzisha kituo cha kufundisha wajibu wa kampuni kwa jamii. Mwaka uliofuata Richard Smith, mhariri wa jarida la madaktari la BMJ, alijiuzulu uprofesa wake chuoni hapo kwa kupinga fedha hizo.

Kwa tumbaku kuna pia suala la mkataba. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Kifungu cha 13 kinahimiza nchi kuzuia matangazo na ufadhili wa tumbaku. Kifungu cha 17 kinataka wakulima wasaidiwe kupata shughuli mbadala zenye faida. Utafiti wa shughuli hizo ni kazi ya vyuo. Ni vigumu kuamini kwamba mnunuzi wa tumbaku ataugharimia kwa moyo mkunjufu.

Wapo watakaosema huu ni unafiki, kwa kuwa halmashauri zinakula ushuru wa tumbaku na ada za watoto wengi Tabora zinatoka kwenye tumbaku. Hoja hiyo ina uzito, lakini ushuru hutozwa kwa sheria na haumdai mtu shukrani. Ufadhili hutolewa kwa hiari, na unaweza kukatwa siku mfadhili akikasirika. Kama chuo kina njaa, halmashauri zitenge sehemu ya ushuru huo kwa ajili ya vyuo, badala ya kuviacha vikaombe.

Kwa kampuni nyingine, ziwe za mbegu, mbolea, dawa au benki, vyuo visifunge mlango. Viweke masharti. Kila mkataba wa ufadhili ubandikwe kwenye mbao za matangazo za chuo, na kiasi cha fedha kionekane. Mfadhili asiwe na sauti katika mitaala, ajira wala matokeo ya utafiti. Mbegu au dawa yake isifundishwe kama ndiyo pekee iliyopo dukani. Kamati ya kupitia misaada iwe na wawakilishi wa vyama vya msingi na wafanyabiashara wadogo, kwa kuwa wao ndio watakaohudumiwa na wahitimu.

Mkono mtupu haulambwi, na hakuna atakayevilaumu vyuo kwa kutafuta fedha. Lakini mkuu wa chuo anayeona haya kuwasomea wakulima mkataba aliousaini, huo hakupaswa kuusaini.