Ardhi ya Makao Makuu na Kalamu ya Karani



Hatupingi Serikali kukaa Dodoma. Shauri hilo lilikatwa mwaka 1973, na sheria ya mwaka 2018 ikalitia muhuri. Tulipingalo ni kudhani ya kuwa ardhi ikihamishwa kwa karatasi, wenyewe nao wamekwisha kuridhika.

Mwaka 1973 iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikapewa enzi juu ya ardhi ya mji. Palepale Wagogo walipolima mababu zao, mwenye kutaka kiwanja alipewa hati ya miaka 33 tu. Manung'uniko hayakukoma, hata tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja.

Sisi wa Morogoro twalijua somo hili. Mwaka 1950 Serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuihifadhi milima ya Uluguru, na Waluguru wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi. Kuzuia mmomonyoko ni jambo jema. Lakini wenye mashamba hawakusikizwa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka, mpango ukafa.

Basi, ndugu zangu, barua ya kumwondoa mtu shambani haijiandiki yenyewe. Huandikwa na mmoja wetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kabla ya kugonga muhuri, yatupasa kuuliza: Mwenyewe ameelezwa? Amelipwa? Karani asiyeuliza asiseme kesho kwamba alitumwa tu.