Pomboo Naye Ananyonyesha

Nimekulia Kinyangiri, wilaya ya Mkalama. Kwetu ni alizeti, mtama na ng'ombe. Bahari nimeiona kwa macho baada ya kuja chuo. Najua wapo watakaosema mtoto wa Singida anajua nini kuhusu pomboo. Nisikilizeni kidogo.

Likizo iliyopita, boom lilipoingia, tulichangishana tukavuka hadi Zanzibar, na asubuhi moja tukawa Kizimkazi, watu tisa kwenye boti. Pomboo walipoibuka, nahodha alisema tusubiri kwa mbali, mmoja wao ana mtoto. Tukamjibu: "Kaka, sisi tumelipia!" Akawasha injini. Wakiibuka, tunaruka majini na simu. Wakizama, tunapanda, tunawafuata tena. Picha ya yule mama na mwanawe ninayo mpaka leo. Sijaiposti, naona aibu.

Naona aibu kwa sababu nyumbani ningechapwa. Babu hakuwa na mchezo na mtoto anayekimbiza ng'ombe mwenye ndama. Ng'ombe anayefukuzwa kutwa hali vizuri, hapati muda wa kucheua, na jioni maziwa hakuna. Sasa pomboo si samaki. Anavuta hewa kama mimi na wewe, anabeba mimba karibu mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja tu na kumnyonyesha zaidi ya mwaka. Utafiti uliofanywa huko huko kusini mwa Unguja na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti za watalii zinapokuwepo, pomboo wanapunguza kupumzika na kula, na muda wa kuogelea tu kutoka hapa kwenda pale unaongezeka zaidi ya mara mbili. Yaani kile kile alichokuwa akikisema babu.

Kuna wanaosema utalii ndio umewaokoa. Ni kweli. Hadi miaka ya 1990 pomboo wa Kizimkazi walikuwa wakivuliwa ili wawe chambo cha papa. Walipoanza kuleta hela wakiwa hai, wakaachwa. Ndiyo maana sisemi tusiende. Kuna familia zinaishi kwa kazi ile. Lakini kumwokoa mnyama na chusa halafu kumnyima kula na kulala, huko ni kumuua polepole.

Na tusiwatupie lawama manahodha. Wa kwetu alijua la kufanya, sisi wasomi ndio tuliomlazimisha. Mteja akipiga kelele, nani atakataa hela yake?

Kwa hiyo wanaoandaa safari ijayo, tukubaliane kabla ya kupanda boti: injini polepole, hakuna kuwakatia njia, hakuna kuruka wakiwa na watoto. Na nahodha atakayesema "hapana, hapa inatosha", tumwongezee chochote. Tumelipia kuwaona. Kuwafukuza hatukulipia.