Ruta Kuukuu Si Takataka

Bonasi ya chai ikilipwa mwezi wa kumi, maduka ya vifaa vya umeme huku Kericho na Bomet hujaa watu. Siku hizi kuna kishawishi kipya: ruta tatu za meshi ndani ya boksi moja. Mimi nasema, kabla hujatoa pesa, fungua kabati kwanza.

Boma la huku si nyumba moja. Kuna nyumba ya wazazi, jiko la nje, na nyumba ya vijana ng'ambo ya shamba. Intaneti inaingia sebuleni kwa wazazi, kisha mabati na majani mabichi yanameza mawimbi. Mtoto wa kidato cha nne anasoma akiwa amesimama nje ya dirisha, usiku, kwenye baridi yetu hii. Hapo ndipo kuna shida, si kwenye kasi ya video.

Kuvuta waya nyumba hadi nyumba? Vilima vya Kericho na Nandi vinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na radi hazikosi. Waya wa shaba unaopita nje unaweza kuleta mshtuko wa radi hadi kwenye kompyuta yako.

Kwenye meshi, ruta zinapokezana data hewani. Kiwango cha 802.11s kiliidhinishwa mwaka 2011. Programu ya kukiendesha ni OpenWrt, iliyoanza mwaka 2004 kutokana na msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G, uliotolewa mwaka 2003 kwa sababu ya leseni huria ya GPL. Ndiyo maana ruta iliyotelekezwa na mtengenezaji bado inaweza kupata masasisho ya usalama.

Lakini tusidanganyane, si kila ruta inafaa. Yenye MB 4 za hifadhi na MB 32 za RAM haibebi tena matoleo mapya, iache. Yenye redio moja hupoteza karibu nusu ya kasi kila data inaporushwa mbele, kwa hiyo usipange mlolongo mrefu. Ruta zote zipe jina moja la meshi, chaneli moja na nywila moja. Kazi ya kugawa anwani za IP iachie ile ya sebuleni peke yake.

Kuna watakaosema muda ni pesa, afadhali kununua. Kama bomani hakuna anayeweza kubadilisha programu ya ruta bila kuiua, nunua, si aibu. Lakini vijana waliosomea kompyuta wamejaa vijijini, wanangoja kazi. Ukimpa mmoja wao ruta zako kuukuu na malipo ya siku moja, pesa inabaki kijijini na ujuzi pia. Ruta ikizima usiku wa kuamkia mtihani, fundi yuko umbali wa kutembea.