SUBIRA YA NANI?

Mabwana na mabibi wanachama,

Naomba nafasi ndogo nitoe maoni yangu juu ya mikutano yetu ya kusoma katika maktaba. Jambo lenyewe ni jema, wala sikuja kulipinga. Ila naona twalifanya kwa ulegevu. Tukisha kusoma insha juu ya dhuluma ya rangi katika Marekani, twasikitika, twamsifu mwandishi, kisha twaenda zetu.

Kwanza, tukumbuke kwamba kiti cha maktaba si kitu kidogo. Tarehe 21 Agosti 1939, katika mji wa Alexandria, jimbo la Virginia, vijana watano weusi waliingia maktaba ya umma iliyowekwa kwa weupe tu. Waliomba kadi wakanyimwa. Kila mmoja akatwaa kitabu, akaketi kimya, akasoma. Polisi wakaitwa, wakawakamata. Mwaka 1940 mji ukawafungulia weusi maktaba yao ya peke yao, ili wasiketi pamoja na weupe.

Pili, naomba insha ijayo iwe ile barua ambayo Martin Luther King aliiandika gerezani Birmingham, Alabama, Aprili 1963. Viongozi wanane weupe wa dini walikuwa wametangaza gazetini kwamba maandamano ya weusi hayana busara, wala hayakuja kwa wakati wake. King akaanza kuwajibu katika pambizo za gazeti. Hoja yake ni kwamba mtu aambiwaye angoje haki yake, asiambiwe mpaka lini, kwa kweli amenyimwa. Tena alisikitishwa sana na mtu mpole apendaye utulivu kuliko haki.

Ndugu zangu makarani, neno hilo la kungoja twalijua. Sisi ndio tulitamkao kila siku mezani petu: "Njoo kesho." Sisemi kwamba kosa letu lalingana na dhuluma ile, hasha. Lakini mtu aliyetoka kwake alfajiri kufuata hati yake, akarudishwa mara tatu pasipo sababu, naye amenyimwa, na aliyemnyima ni mpole mwenye kalamu.

Wazee walisema subira huvuta heri. Hawakusema mtu amshurutishe mwenziwe kusubiri.

Basi katika mkutano ujao kila mmoja wetu aje na jibu la swali hili: ni nani angojaye mezani pangu, na kwa sababu gani?

Wasalaam,
Mimi, Karani Mwenzenu.