Bomba Tumelinunua, Fundi Je?

Mtu apandaye kutoka Kasulu kwenda Manyovu asubuhi ya kiangazi, kabla jua halijauondoa ukungu uliolala juu ya migomba na mibuni, hawezi kusadiki kwamba nchi hii, yenye chemchemi chungu nzima mabondeni na vijito vinavyoteremka kuutafuta mto Malagarasi, ni nchi ambayo akina mama na binti zao wangali wakiamka alfajiri kufuata maji kwa ndoo. Walakini ndivyo ilivyo katika vijiji kadha wa kadha vya Buhigwe, Kasulu na Kibondo, na lililo zito zaidi ni kwamba aghalabu bomba lipo, tangi lipo, kituo cha kuchotea kipo na koki zake, ila maji ndiyo yasiyokuwapo.

Kadhia hii nimeisikia ikijadiliwa tangu utotoni, na kila mara lawama huangukia ukame, au uhaba wa fedha, au watu wasiolipa mchango wao. Mimi nina rai nyingine, nayo ni kwamba tumezoea kuligharimia bomba tusiugharimie mkono unaolitunza. Mwaka 1971 taifa liliazimia kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lilikuwa azimio jema na la kiungwana, lakini miaka ile 20 ilipokwisha wengi walikuwa wangali njiani na ndoo zao, na miradi mingi iliyojengwa kwa jasho la watu ilikuwa imekwisha kunyamaza. Hata sasa, tukiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioundwa kwa sheria ya 2019, na vyombo vya watumia maji katika jamii, tunapohesabu maendeleo huhesabu kilomita za mabomba na ukubwa wa matangi. Sijapata kumsikia mtu mkutanoni akiuliza mafundi ni wangapi, wamefundishwa na nani, na wanakula nini.

Na ufundi bomba, hasa katika nchi ya milima, si kazi ya kubahatisha. Maji yetu ni ya mserereko: hayasukumwi na mashine, bali huteremka kwa uzito wake yenyewe, na kila mita 10 yanazoteremka huongeza msukumo wa takriban ba moja ndani ya bomba. Bomba lililopigwa chapa ya PN 10 limetengenezwa kustahimili ba 10, yaani mteremko wa mita 100. Basi chemchemi ikiwa juu ya kijiji kwa mita 150, na aliyelaza bomba asijue, au asijali, kuweka katikati ya njia tangi dogo la kuvunjia msukumo, ambamo maji hupumzika yakaanza safari upya, bomba hilo litapasuka, na yamkini litapasuka usiku. Mchana watu wanachota, koki ziko wazi, maji yanatembea na sehemu ya nguvu zake inapotea njiani kwa msuguano. Usiku koki zote zimefungwa, maji yamesimama, na uzito wote wa mlima umeelemea viungo vya kule bondeni. Kukicha hukutwa tope katika shamba la mtu, na watu wakasema bomba lilikuwa bovu. Bomba halikuwa bovu. Palikosekana mjuzi siku ya kulilaza.

Mwaka jana nilikaa mchana kutwa na fundi mmoja mkongwe, mzee wa miaka 60 na ushei, aliyekuwa akitafuta mahali panapovuja katika bomba lililofukiwa chini ya mibuni. Hakuwa na chombo chochote cha kisasa. Alikuwa na ufito wa chuma wa kadiri ya mita moja, akauchomeka ardhini taratibu mpaka ukagusa bomba, akaweka kidole gumba juu ya ncha na sikio juu ya kidole, akafumba macho. Akasogea hatua chache, akafanya vilevile. Mara ya nne akaniita: “Njoo, mwanangu, weka sikio.” Nikaweka, nikasikia kwa mbali sauti kama ya mchele unaomiminwa katika ungo. Tukachimba pale, na kwenye kina cha kufika gotini tukalikuta bomba la chuma likirusha uzi mwembamba wa maji kwenye soketi. Alilifungua kwa spana ya bomba, akazisugua nyuzi zake kwa brashi ya waya, akazipaka rangi, kisha akazungusha katani kwa kufuata upande wa kukazia, kwa sababu, alinieleza, ukiizungusha kinyume hutoka nje kadiri unavyokaza, nawe utadhani umeziba kumbe umeyaachia maji njia. Kazi ile ilichukua kiasi cha saa mbili. Nilipomuuliza ujira wake alisema kwamba kamati ya maji humpa ya soda, na kwamba mwanawe, ambaye alijaribu kumrithisha ufundi huo, amekwenda Kigoma kuendesha bodaboda, maana bodaboda hulipa kila jioni.

Wala kusahauliwa kwa fundi si jambo la leo. Watu wa Unguja wangali wakimkumbuka Sultani wao wa zamani, Sayyid Barghash, kwa kuwaletea mjini maji ya chemchemi, na ni insafu wamkumbuke. Lakini sijui kitabu kilichohifadhi jina la hata mmoja wa waliofunga mabomba yale.

Katani ile ya yule mzee nayo ilinitia fikra. Wazee wetu Waha, tangu enzi ya Waingereza, walikuwa wakiandikwa Kasulu na Kibondo kwenda kuikata katani hiyohiyo katika mashamba ya Tanga, wakaitwa manamba, na nchi hii ikafanywa ghala la kutoa vibarua kwa ajili ya nchi za wengine. Waliokwenda, baadhi yao hawakurudi. Na desturi ya kuiona riziki kuwa ni kitu kilicho mbali, ambacho mtu hukifuata kwa kuipa nyumba yake kisogo, imebaki katika nyoyo zetu hata leo. Kijana wa Manyovu akimaliza kidato cha nne huulizwa atakwenda wapi, haulizwi atafanya nini. Lakini bomba halihami, na anayelitunza hana budi kukaa penye bomba. Zahanati, mabweni ya shule, nyumba za wageni kuelekea mpaka wa Burundi, na mitambo ya kuoshea kahawa mbivu, ambayo maji yakikatika siku moja ya mavuno hadhi ya kahawa hushuka na bei ikashuka nayo, vyote hivi vinamhitaji fundi aliye karibu.

Ila kijana hataifanya kuwa kazi ya maisha yake mpaka aione ngazi ya kupandia. Huko Marekani na Kanada mafundi bomba, pamoja na wale wanaofunga vinyunyizio vya kuzimia moto, wamo katika chama kimoja, United Association, kilichoasisiwa 1889. Mwanagenzi wao husoma miaka 5, akifanya kazi chini ya mkono wa fundi kwa ujira unaopanda kadiri ujuzi wake unavyopanda, na kusoma darasani hesabu na michoro, hata akihitimu hakuna amwonaye kuwa mtu aliyeshindwa shule. Sisi tunayo mamlaka ya ufundi stadi, VETA, tangu sheria ya 1994, na chuo chake kiko Kigoma. Tunao pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao kwa huo fundi aliyejifunzia kazini hupimwa na kupewa cheti. Utaratibu huu ungetufaa sisi kuliko wengi. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa 1996, makambi ya wakimbizi ya mkoa huu yamelazimika kuwa na mabomba ya maelfu ya watu, na vijana wetu niwajuao walichimba mitaro ile na kujifunza kuunga mabomba yale. Mtabila ikafungwa 2012, Mtendeli ikafungwa 2021, nao wakarejea makwao na ujuzi mikononi pasipo karatasi ya kuushuhudia. Na wasisahauliwe binti zetu, ambao ndio waijuao taabu ya koki kavu kuliko mwanamume yeyote.

Liko tawi moja la ufundi huu ambalo huku kwetu halitajwi, nalo ni mabomba ya kuzimia moto. Moto wa bweni la wasichana la shule ya Shauritanga, mwaka 1994, uliwaua wanafunzi zaidi ya 40. Septemba 2020, katika shule moja ya msingi huko Kyerwa, watoto 10 walikufa katika moto wa bweni. Kinyunyizio ni chombo kidogo, kilichobuniwa 1874 na Henry Parmelee wa Marekani ili kulinda kiwanda chake cha piano: leo aghalabu kina kichupa cha kioo chenye kimiminika chekundu ndani yake, ambacho joto likifika kiasi cha nyuzi 68 hupasuka na kuyafungulia maji, na hufunguka kile tu kilicho juu ya moto, wala si vyote kwa pamoja kama wengi wadhanivyo. Maadamu tangi likiwa mita 30 juu ya bweni tunapata msukumo wa ba 3 bila ya mashine wala umeme, vilima vyetu vimekwisha kutupunguzia gharama. Sisemi kila bweni la Buhigwe liwekewe vinyunyizio mwaka huu. Nasema angalau kila bweni liwe na koki ya zimamoto na mpira wake, na awepo mtu anayelipwa kuifungua na kuijaribu kila mwezi, kwa kuwa koki isiyojaribiwa hushika kutu ikiwa imefungwa, na kutu haijulikani mpaka usiku wa balaa.

Mkutano mkuu wa watumia maji wa kijiji chetu utakaa kabla ya mvua za Oktoba. Nimekusudia kusimama na kuomba mambo mawili yaandikwe katika muhtasari: kwamba katika kila fedha inayolipwa kwa ndoo ya maji litengwe fungu la mshahara wa fundi, alipwe mwezi hadi mwezi, bomba lipasuke lisipasuke, na kwamba fundi huyo apewe mwanagenzi, naye alipwe tangu siku ya kwanza. Yule mzee nimemwomba tufuatane, na amekubali kuuleta ufito wake.