Makofi ya wageni yasikudanganye

Umehamia mtaa mpya hapa Nairobi na unasaka kanisa? Jipange. Katika makanisa mengi, Jumapili ya kwanza utaombwa usimame, useme jina na ulikotoka, kisha upigiwe makofi. Watoto wataelekezwa Shule ya Jumapili. Wakati wa sadaka, nambari ya M-Pesa itatokea kwenye skrini. Kama huna kitu, tulia tu.

Lakini makofi ni rahisi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi lipime kanisa Jumapili ya tatu. Kuna anayekuita kwa jina? Umeombwa usaidie kupanga viti? Ukikosa kuja, kuna anayekupigia simu? Kama bado wewe ni "mgeni wetu" tu, endelea kutafuta.